Insha imejaa "nzuri": tafuta chanzo kabla ya kumpa mtoto maneno

Mtoto wa darasa la tatu ameandika hivi: "Nyumba yetu ni nzuri. Mama yangu ni mzuri. Mbwa wetu ni mzuri. Jumapili tulikula chakula kizuri." Mwalimu anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Tumia vivumishi vingine", kisha anafungua daftari linalofuata. Juma lijalo insha inarudi vilevile, ila sasa nyumba ni nzuri sana na mama ni mzuri sana.

Maneno anayo, angalau kwa lugha moja. Msikilize mtoto huyo wakati wa mapumziko akimsimulia mwenzake jinsi konda wa teksi alivyowafokea asubuhi: utaambiwa konda ana sauti gani, shati lake limechanika wapi na jino lipi halipo. Kinachoonekana kwenye daftari ni dalili tu. Chanzo kiko nyuma yake, na mara nyingi ni kimoja kati ya hivi: mtoto hakukitazama kitu, hakuona sababu ya kukieleza, lugha ya nyumbani inamvuta upande mwingine, au alama tunazotoa ndizo zimemzoesha kuandika hivyo. Dalili zinafanana, tiba hazifanani. Ukimpa orodha ya vivumishi ishirini mtoto ambaye shida yake ni upatanisho wa kisarufi, yaani kuoanisha kivumishi na nomino yake, umemwongezea mzigo tu.

Nawaandikia walimu wa Kiswahili wa shule za msingi hapa Uganda, hasa wa la tatu hadi la tano, pamoja na wazazi wanaokaa na watoto mezani jioni. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, mtihani wa kumaliza la saba bado una karatasi nne tu: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Wenzangu hulalamika kwamba somo lisilotahiniwa halithaminiwi, na wana haki. Lakini somo hilohilo ndilo linaloniruhusu kutumia kipindi kizima kwa embe moja bila mtu kuniuliza nimefika ukurasa wa ngapi.

## Anza na mchoro

Kabla hujaamua chanzo, fanya jaribio hili. Halihitaji chochote zaidi ya penseli. Mwandishi amsomee jirani yake aya aliyoandika, na jirani achore anachosikia. Asiulize swali lolote. Akimaliza, mwandishi autazame mchoro.

"Nyumba yetu ni nzuri" hutoa nyumba ile ambayo watoto wote huchora, yenye mlango mmoja katikati na paa la pembetatu. Sasa sikiliza mwandishi anavyojibu. Akipinga kwa Kiswahili, "Siyo hivyo, yetu ina bati lenye kutu na upande mmoja haujapigwa lipu", basi maneno anayo na alikitazama kitu, ila hakuona kwa nini ayaandike. Akipinga kwa Luganda au Kiacholi, basi ameona lakini neno la Kiswahili halipo. Akiutazama mchoro na kusema "ndiyo, ni hii", basi nyumba hiyo hajaitazama bado, japo anaishi ndani yake. Hao ni watoto watatu tofauti ingawa insha zao zinafanana neno kwa neno.

Usiwarekebishe hapohapo. Andika tu nani ni wa kundi gani.

## Dalili: kila kitu ni kizuri au kibaya

Kwa mtoto ambaye hakutazama, lawama nyingi ni za mada. "Shule yetu", "Rafiki yangu", "Likizo": hizi ni mada kubwa mno kwa mtoto wa miaka minane, na kitu kikubwa namna hiyo hakina sifa nyingine zaidi ya uzuri. Punguza mada hadi iingie mkononi. Badala ya shule, mlango wa darasa. Badala ya likizo, chakula kimoja kilicholiwa siku moja. Msimu wa senene ukifika Novemba huna haja hata ya kutafuta mada, kwa sababu nusu ya darasa imekesha ikiwakamata au ikiwanyonyoa mabawa. Waulize tofauti ya senene wa kijani na wa kahawia, senene mbichi na aliyekaangwa, alivyo mdomoni kabla na baada ya chumvi. Hakuna atakayesema "mzuri" akaishia hapo, maana wenzake watamzomea.

Embe nalo hufanya kazi hiyo msimu wake ukifika. Mtoto afumbe macho kwanza, anuse, apapase, abonyeze, ndipo afumbue. Macho hukimbilia rangi na ukubwa, na ukiyaachia yaanze, insha yote itakuwa ya rangi na ukubwa. Kwa kupapasa tu watapata laini, gumu, lenye unyevunyevu, lililobonyea, lenye utomvu. Wakionja, hapo ndipo wewe mwalimu unapoingiza neno: huyu anasema embe "linauma meno", nawe unamwambia hilo linaitwa chachu. Mpe neno moja au mawili wakati ulimi wake unalihitaji. Neno la namna hiyo halisahau. Orodha iliyobandikwa ukutani tangu Februari hakuna anayeisoma.

Mtoto yule aliyetazama lakini haoni sababu ya kuandika anahitaji msomaji atakayepotea asipoelezwa vizuri. Hapa silaha yangu ni jerikani, au kidomola kama wanavyosema watoto wa Kampala. Kwenye kisima cha pampu majerikani yamepangwa foleni, karibu yote ni ya njano, na bado hakuna mtoto anayeondoka na la jirani. Waulize: la kwenu unalijuaje? Utaambiwa lina alama ya kuungua kwenye mkono. Kifuniko kilipotea, limezibwa kwa kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki. Baba alilipaka rangi nyekundu chini. Limebonyea upande mmoja tangu lilipoanguka kwenye bodaboda. "La njano" halimsaidii mtu hapo, na "zuri" ndiyo kabisa.

Kisha toa kazi. Jerikani la kwenu limepotea. Andika tangazo la sentensi mbili la kubandika dukani. Weka majerikani manne mbele ya darasa, tangazo lisomwe, na darasa lionyeshe ni lipi. Wakionyesha silo, mwandishi anarudi kwenye tangazo lake mwenyewe, bila wewe kusema neno. Hapo mtoto anagundua kazi ya kivumishi: kukitenga kitu na wenzake. Mzazi anaweza kufanya hivyohivyo nyumbani kwa ndala zilizorundikana mlangoni.

Kuna mtoto wa nne ambaye mchoro hauwezi kumkamata. Huyu ana maneno, ametazama, ana sababu, na bado anaandika "nzuri". Anachoogopa ni kiambishi. "Nzuri" amelisikia katika kila umbo: mzuri, wazuri, kizuri, vizuri, mazuri, na ana hakika nalo. "Zito" hana hakika: ni kizito, nzito au mzito? Kwa hiyo anachagua neno lisilomletea alama nyekundu. Mjue kwa kumwuliza kwa mdomo. Utamwona anaanza neno, anasita kwenye silabi ya kwanza, kisha analibadilisha. Huyo mpeleke moja kwa moja kwenye sehemu ya upatanisho hapa chini.

## Dalili: "kikombe kibaya"

Hii inafanana na iliyotangulia, lakini chanzo chake ni sisi. Mtoto anataka kusema kikombe kimevunjika mkono. Amefundishwa kwamba kivumishi ni neno kama -kubwa, -dogo, -refu, -fupi, -baya. Anapekua orodha hiyo, analokaribia ni "kibaya", analiandika.

Kiswahili hakina vivumishi vya sifa vingi kama baadhi ya lugha nyingine, wala hakihitaji. Sehemu kubwa ya kueleza inafanywa na "-a" ya uhusiano, "-enye" na kitenzi rejeshi. Uji wa moto. Shati la mistari. Mti wenye miiba. Kikombe chenye ufa. Maziwa yaliyoganda. Mtoto anayecheka ovyo. Ukiangalia yale maelezo ya jerikani hapo juu, kivumishi cha sifa cha kawaida hakifiki hata nusu yake. Mwalimu anayefundisha "vivumishi" kama safu moja ya maneno kumi na mawili amewanyima watoto sehemu kubwa ya lugha kisha anashangaa insha zao zimekonda.

Tiba ni kuanza na "-enye" mapema, hata la tatu. Watoto huipenda kwa sababu inaungana na nomino wanazozijua tayari: akijua "miiba" anaweza kusema "wenye miiba", bila kusubiri afundishwe neno jipya. Cheza mchezo wa kitendawili: "Nina kitu chenye miguu minne, chenye mgongo, kisichotembea." Kitenzi rejeshi kije baadaye, kwa mdomo kwanza, na kwa nafsi ya tatu tu: aliyelala, iliyooza, kilichochanika. Usiwaeleze kanuni. Wakitumia vibaya rudia umbo sahihi katika jibu lako na uendelee.

Wapo pia wanaoandika "Embe ni kubwa. Embe ni tamu. Embe ni la njano", sentensi baada ya sentensi zikiongozwa na "ni". Hao wamekaririshwa "Hiki ni nini? Hiki ni..." tangu la kwanza. Wape sentensi yenye tukio, "Nilidondosha embe", waulize lipi, wapachike jibu baada ya nomino. Vipindi viwili vitatu vinatosha.

## Dalili: kiatu kubwa, watoto dogo, ng'ombe nyeupe

Hapa nitakaa kidogo, maana Uganda tuna darasa moja lenye lugha tano, na kosa hilohilo lina vyanzo tofauti kulingana na nani ameliandika. Kwa kifupi, Kiswahili huvalisha kivumishi sare ya nomino yake. Swali ni kama mtoto anajua kuna sare, au anajua lakini amechukua ya shule nyingine.

Mtoto wa Luganda, Lusoga, Runyankole au Lukonzo anajua. Nyumbani anasema omuntu omulungi, ekitabo ekirungi, bila kufikiri. Kumweleza dhana ya upatanisho ni kupoteza muda. Mwonyeshe tu kwamba Kiswahili kinafanya jambo lilelile. Makosa yake ni machache na yanatabirika. La kwanza ni wanyama. Katika Luganda ng'ombe ni ente, na kivumishi kinafuata umbo la neno: ente ennene, embuzi enjeru. Kwa hiyo "ng'ombe kubwa" na "mbuzi nyeupe" kwake ni sawa kabisa. Kiswahili kinasema kilicho hai huingia ngeli ya A-WA, kundi la nomino za watu na wanyama, hata kama umbo lake ni la ngeli ya I-ZI: ng'ombe mkubwa, mbuzi mweupe, kuku wadogo. Kanuni hii moja, ikitiliwa mkazo kwa juma moja, huondoa rundo la alama nyekundu. La pili ni "-nene". Kwa Luganda ennyumba ennene ni nyumba kubwa, na mtoto huandika "nyumba nene", "shule nene". Msahihishe kwa vitu viwili mkononi: kitabu kikubwa chembamba, na kitabu kidogo kinene.

Mtoto wa Kiacholi, Lango, Alur au Lugbara yuko mahali pengine kabisa. Lugha yake haina ngeli za namna hii. Kiacholi husema dano maber, ot maber, mtu mwema, nyumba nzuri, na "maber" halibadiliki kufuata aina ya nomino. Anapoandika "kiatu kubwa, watoto kubwa, miti kubwa" hajakosea kwa uzembe. Ameandika kama lugha inavyopaswa kuwa kwa kadiri anavyoijua. Ukimwambia "angalia ngeli" hakuna anachokiangalia. Huyu anahitaji sikio kabla ya kanuni. Vitu halisi mezani, umoja na wingi, kwa kuimba au kupiga makofi: kiti kidogo, viti vidogo, kijiko kidogo, vijiko vidogo. Anza na KI-VI kwa sababu kiambishi kinasikika mara mbili na hakibadiliki sura ovyo. Fuata A-WA. LI-YA ianze na wingi, matunda mabivu, mayai makubwa, maana katika umoja vivumishi vingi havivai chochote na vichache vinavaa "j": jekundu, jeusi, jeupe.

I-ZI iwe ya mwisho. Najua vitabu vingi huiweka mbele kwa sababu nyumba, meza na kalamu ndizo zilizo darasani. Lakini ni humo ndimo kiambishi kinapomezwa au kugeuka: kubwa, fupi, nzuri, mbaya, mpya, ndefu, njema, nyeusi. Mtoto anayeanzia hapo anahitimisha kwamba Kiswahili hakina utaratibu, na akishaamini hivyo kumrudisha ni kazi.

Wa tatu ni mtoto aliyetoka Kongo. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, na hata baadhi ya mitaa ya Kampala, wapo watoto ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani, wanakizungumza haraka kuliko mwalimu, na wanaandika "batoto mingi", "chakula muzuri", "nyumba mukubwa". Jaribio kwake ni rahisi: hasiti. Mtoto asiyejua husita, huyu anateleza. Usimwambie anazungumza Kiswahili kibovu, maana ndicho anachozungumza mama yake. Mwambie nyumbani tunasema hivyo, kwenye daftari tunaandika hivi, na mpe kazi ya kugeuza sentensi zake mwenyewe. Upande wa msamiati huyu ni hazina ya darasa. Mweke karibu na wale wanaoona bila kupata neno.

Halafu kuna kosa linalokuja baada ya mafanikio: "kiatu kisafi", "kitabu kirahisi", "watoto wahodari". Wazazi hushtuka, wakidhani mtoto amerudi nyuma. Amesonga mbele. Ameelewa utaratibu na sasa anauvalisha kila neno, hata yale yasiyovaa: safi, rahisi, hodari, ghali, imara, maridadi, laini. Usilitilie mkazo la tatu. La nne watengenezee ukurasa wa maneno yasiyovaa sare, waongeze wenyewe wanapokutana nayo.

Na katika yote haya, sahihisha ngeli moja kwa juma. Insha ikiwa na makosa ya KI-VI, LI-YA na I-ZI, na juma hili ni la KI-VI, mengine yaache yalivyo. Mwalimu mkuu akiuliza, mweleze.

## Dalili: rundo

"Mbwa mkubwa mweusi mkali mnene mrefu mbaya alikuja." Tafuta kwanza kama kuna mtu anayetoa alama kwa kila kivumishi. Mara nyingi yupo. Mtoto amefanya hesabu yake vizuri: sita ni bora kuliko kimoja.

Funika kimoja kimoja kwa kidole na usome sentensi. Kama mbwa anabaki yuleyule bila "mnene", "mnene" aondoke. Mtoto mwenyewe ndiye afute, wewe usimfutie. Sheria ninayoipenda ni vivumishi viwili kwa nomino moja, na cha pili kiwe kitu ambacho mbwa mwingine hana: mbwa mweusi mwenye sikio lililokatika. Wakati huohuo waonyeshe kwamba kimilikishi hukaa karibu na nomino, mbwa wangu mweusi, kwa sababu kwenye rundo ndipo mpangilio unapovurugika.

## Dalili: kubwa nyumba

Huchipuka la nne, na sababu si ya kutafuta mbali. Tangu 2007 mtaala wa mada unataka la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na la nne ndio mwaka wa kuhamia Kiingereza. Shule nyingi za mjini huanza Kiingereza mapema zaidi. Mtoto anajifunza lugha inayotanguliza sifa, na Kiswahili kinaambukizwa. Mwambie aiseme kwanza kwa lugha ya nyumbani. Awe Mganda au Mwacholi, atatanguliza nomino, kisha aandike kwa mpangilio huohuo. Huisha yenyewe ndani ya muhula.

## Dalili: mazoezi yote sawa, insha tupu

Anajaza mapengo kumi kwa kumi. Kwenye insha hakuna hata kivumishi kimoja. Zoezi la kujaza mapengo linapima kama mtoto anaweza kuchagua umbo. Halipimi kama anaweza kukumbuka kuwa hapa pangefaa sifa. Zaidi ya hapo, mkono wa mtoto wa miaka minane huchoka upesi, na akili yake wakati anaandika imeshikwa na tahajia, nukta na herufi kubwa. Sifa ndiyo ya kwanza kutupwa.

Kwa hiyo usidai vyote kwa siku moja. Siku ya kwanza aandike sentensi nne tupu, tukio tu. Kesho yake arudi na penseli ya rangi nyingine, achague nomino moja anayotaka msomaji aione, na aongeze juu ya mstari. Moja tu. Daftari litachafuka kidogo, na wazazi wanaopenda madaftari safi watalalamika. Waeleze kwamba mstari ulioongezewa ndio somo la siku hiyo.

## Dalili: theluji ya Lira

"Alivaa gauni jeupe kama theluji." Mwandishi ni mtoto wa Lira, mji wa kaskazini mwa Uganda. Sentensi haina kosa, na walimu wengi huipa alama. Imetoka kwenye insha ya mfano iliyokaririshwa, pamoja na jua lililochomoza kwa madaha na ndege walioimba nyimbo tamu. Swali la kuuliza ni moja: umeiona wapi? Mtoto wa Kasese anaweza kukujibu, maana asubuhi mawingu yakifunguka barafu ya Rwenzori inaonekana, na kilele cha Margherita kina mita 5,109. Kwake theluji si ya kukopa, ingawa mwaka hadi mwaka inapungua. Wa Lira ana pamba, ana unga wa muhogo ulioanikwa juani, ana nyange wanaofuata ng'ombe. Akiandika "jeupe kama nyange", mwachie.

## Dalili: sifa zinazoumiza

Darasa likianza kutazama kwa makini, litatazamana. Siku ya "Mweleze rafiki yako" ndiyo siku ya "Okello ana kichwa kikubwa", na kicheko cha darasa humkaa mtoto kwa muda mrefu. Usiisubiri itokee. Weka sharti kabla: tukieleza mtu tunaeleza anachovaa, anachofanya, anavyotembea, anavyocheka. Mwili wa mwenzako huuandiki, hata kwa kumsifu. Sharti hilo halipunguzi ubora wa maandishi. "Anayetembea akiburuza mguu wa ndala" humleta mtu mbele ya macho yako kuliko "mnene".

## Hakuna kinachofanya kazi

Umeleta embe, umeleta jerikani, umesahihisha ngeli moja moja, na yupo mtoto ambaye daftari lake halijabadilika. Mwite pembeni, mpe insha yake ya juma lililopita, mwambie akusomee. Akikwama kwenye maneno aliyoandika mwenyewe, huenda alinakili ubaoni au kwa jirani. Tatizo lake ni kusoma, na vivumishi vinaweza kusubiri hadi silabi zikae sawa. Akiisoma bila shida mkononi lakini hawezi kusoma ubao akiwa kwenye dawati lake, mhamishie mbele leo, na uongee na mzazi ampeleke akapimwe macho.